Anayetuchekesha naye ana wimbo wake

(Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wafanyakazi wa tereni mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka, kabla ya kura ya bajeti. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wanamemba waliobaki mashambani, pamoja na ndugu na wafadhili walio mbali, nao wayapate.)



Komite imenipa dakika ishirini niseme juu ya kipande kimoja tu cha bajeti, kile kinachoandikwa "kikundi cha michezo na nyimbo". Mnajua kuna wazo mezani la kukifuta mwaka huu. Pesa zile ni za usafiri wa kikundi, nyuzi za gitaa, mafuta ya jenereta na posho ndogo ya wasanii. Wazo ni kwamba zote ziende kwenye mabati ya wajane. Mzee wetu mmoja alisema kwenye kikao cha maandalizi: "Kicheko hakiezeki nyumba." Neno hilo ni la kweli na sikuja kulipinga. Mimi kazi yangu ni kutembea vijijini. Nimeona nyumba zinavyovuja Mukera, Sebele, na kule Lweba. Mama anayelala na watoto chini ya turubai iliyochanika, huwezi kumwambia ajifunike wimbo.

Lakini kabla hatujainua mikono, naomba tujiulize maswali matatu. Mchekeshaji ni mtu wa namna gani? Muziki unamfanyia nini yeye, na unatufanyia nini sisi tunaomtazama? Na sisi wenyewe, katika vijiji vyetu, tumeona nini? Nikimaliza hayo, nitatoa pendekezo, nanyi mtaamua.

Naanza mbali kidogo, mnivumilie.

Ndugu zetu wengi waliotoka kambi ya Nyarugusu leo wanaishi Marekani, na si wachache walio katika jimbo la Kentucky, kwenye miji kama Louisville na Lexington. Kiswahili chetu kinasikika huko shuleni na kanisani. Jimbo hilo lina jina la utani: jimbo la majani ya buluu. Mzaliwa wa huko, Bill Monroe, aliyezaliwa 1911 pale Rosine, aliipa bendi yake jina la majani hayo, na muziki wake ukalichukua jina hilo hilo: blugrasi. Kwa hiyo mnapotumiwa pesa kutoka Kentucky, mjue zinatoka nyumbani kwa blugrasi.

Muziki huo, kwa desturi yake ya zamani, hauna ngoma. Vyombo vyake ni vya nyuzi: gitaa, fidla, mandolini, besi kubwa inayosimama wima kama mtu, na banjo. Banjo ina duara lililowambwa ngozi kama ngoma ndogo, na nyuzi tano, mmoja mfupi kuliko nyingine. Bendi nzima husimama kuzunguka maikrofoni moja. Zamu ya fidla ikifika, mpigaji anasogea mbele, wenzake wanarudi hatua moja na kupunguza sauti. Akimaliza anarudi nyuma, mwenye banjo anasogea. Hakuna mtu anayepiga filimbi kusema sasa fulani, sasa fulani. Kila mmoja anamsikiliza mwenzake, ndiyo maana hawagongani.

Sasa kuna mzee mmoja anaitwa Steve Martin. Alizaliwa 1945 kule Texas, akakulia California. Miaka ya 1970 alikuwa mchekeshaji mwenye jina kubwa sana, watu walikuwa wanajaza viwanja kumwona. Alivaa suti nyeupe, mara nyingine akaweka kichwani mshale wa bandia kama umepita sikio hadi sikio, akajifanya mjinga anayejiona ni mwerevu kuliko wote. Mwaka 1981 akaacha kuchekesha peke yake jukwaani, akabaki na sinema.

Katika miaka ile yote mara nyingi alikuwa na banjo mkononi. Watu wengi waliiona kama sehemu ya mzaha, kama ile suti na ule mshale. Kumbe alikuwa ameianza tangu ujana, kwa kazi ya kweli. Alikuwa anaweka santuri na kuipunguza mwendo, ili asikie kila noti peke yake, halafu anaitafuta kwa kidole mpaka aipate. Alikuwa anafanyia mazoezi ndani ya gari, vioo vimefungwa hata siku za joto, asiwasumbue watu. Rafiki yake wa shule, John McEuen, alimwonyesha njia. Baadaye alipiga pamoja na Earl Scruggs, mtu aliyeibadilisha banjo yote kwa mtindo wake wa vidole vitatu alipoingia bendi ya Bill Monroe mwaka 1945.

Mwaka 2009, akiwa amepita miaka 60, huyo mchekeshaji alitoa albamu yake ya banjo inayoitwa The Crow. Mwaka 2010 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya blugrasi. Halafu akaungana na bendi ya North Carolina, Steep Canyon Rangers, na mwaka 2011 wakatoa pamoja Rare Bird Alert. Wakazunguka nchi nzima, yeye akichekesha kati ya wimbo na wimbo. Rekodi ya onyesho lao moja, pamoja na mwimbaji Edie Brickell, ilitoka 2014.

Rekodi hiyo ndiyo ndugu mmoja wa Louisville alituletea kwenye flashi alipokuja kusalimia familia. Tuliitazama na kikundi chetu kwenye kompyuta ya kazi, jioni moja, tumebanana chumba kimoja. Kiingereza kiliwapita vijana kando, vichekesho vingi havikuwafikia. Macho yao yalikuwa kwenye mikono. Waliona mchekeshaji anasema neno, ukumbi unacheka, halafu anaanza kupiga na ukumbi unatulia. Waliona zamu yake ikiisha anarudi nyuma na kumtazama mwenzake, uso wa mtu anayesikiliza. Msichana mmoja wa kikundi akasema neno ambalo nimelishika mpaka leo: "Kumbe huyu hafanyi mzaha na banjo. Mzaha anafanya na watu, banjo anaiheshimu."

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapoanzia. Mchekeshaji ni mtu kama fundi. Kile kicheko tunachokiona chepesi kimetoka kwenye kazi nzito. Akiwa na chombo cha muziki, kazi hiyo inaonekana kwa macho, maana noti haidanganyi. Unaweza kumcheka mtu kwa huruma, lakini huwezi kupiga fidla kwa huruma. Muziki unatulazimisha kumheshimu yule tuliyezoea kumcheka tu.

Niongeze jambo la banjo yenyewe, sababu linatuhusu. Wengi wanadhani ni chombo cha wazungu wa milimani. Hapana. Banjo ililetwa Amerika na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Walitengeneza kule vyombo vya kibuyu, ngozi na nyuzi walivyovijua kwao, na huko Senegambia mpaka leo Wajola wanapiga akonting, ambayo ni ndugu wa banjo. Wazungu waliichukua baadaye. Hata Bill Monroe mwenyewe alisema alijifunza mengi kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi wa Kentucky. Na Steve Martin, alipoanzisha tuzo yake ya wapiga banjo mwaka 2010, mmoja wa walioipata, mwaka 2016, ni Rhiannon Giddens, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika anayefundisha dunia historia hiyo kwa kuipiga.

Kuna mpiga banjo mwingine wa Marekani, Béla Fleck. Mwaka 2005 alichukua banjo yake akaenda nayo Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akakaa na wapigaji wa huko, wakapiga pamoja. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba asiyeona kwa macho. Mwaka 2009 Ngoliga na John Kitime wakaenda kupiga naye Marekani. Filamu ya safari ile inaitwa Throw Down Your Heart. Jina hilo ni Bagamoyo kwa Kiingereza: bwaga moyo. Na Bagamoyo ninyi mnaijua kwenye masimulizi. Ni mwisho wa ile njia ya misafara iliyoanzia Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, ikapita Tabora. Watu wa upande huu walivushwa ziwa, wakafungwa minyororo, wakatembea mpaka bahari. Mtumwa akiiona bahari, ndivyo wanavyosimulia, alijua harudi tena, anauacha moyo wake pale. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili hiki ninachosema sasa. Albamu ya safari ile nayo ilipata Grammy mwaka 2010, mwaka ule ule wa The Crow.

Msije mkasema haya ni mambo ya ng'ambo. Congo yetu ilikuwa nayo zamani. Pale Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, miaka ya 1950 kulikuwa na kundi lililoitwa Jeunes Comiques de la Kenya, kwa ufupi JECOKE: vijana wachekeshaji wa Kenya. Kenya hapa ni komini ya Lubumbashi, si nchi ya Kenya. Jina lao lilikuwa la kuchekesha, lakini kazi yao ilikuwa kuimba. Edouard Masengo alipitia kwao. Baadaye alikwenda Nairobi, gitaa lake likapendwa mpaka likatumika kutangaza Coca-Cola. Ndugu yake Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini ukimsikia unadhani ni watu wawili. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Tena Lubumbashi hiyo hiyo ilitupa kundi la Mufwankolo, waliocheza kwa Kiswahili cha huko kwenye redio na televisheni, bila maneno yaliyoandikwa. Walikuwa wanaanza na wazo, hata methali moja, halafu wanalijenga pamoja kwenye mazoezi mpaka linakuwa mchezo mzima.

Na ninyi mliokaa Kigoma mnamkumbuka Masanja Mkandamizaji wa Orijino Komedi. Watu walimjua kwa mbwembwe. Baadaye akaimba nyimbo za Injili na kuwa mchungaji. Aliyezoea kumcheka ilibidi ajifunze pia kumsikiliza.

Sasa nirudi kwetu.

Mnamjua mwenzetu anayetuchekesha. Simtaji jina, mwenyewe hapendi, na tena amekaa pale nyuma anajificha. (Watu walicheka.) Miaka yote tulimjua kwa kuigiza. Baada ya kuitazama ile rekodi, alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mimi pia nilikuwa na banjo ya Marekani." Sisi tukacheka. Akaeleza. Alikuwa mtoto Lugufu. Mnakumbuka yale makopo ya mafuta ya kula ya msaada, yameandikwa USA? Alichukua kopo moja, akaliwekea mti, akafunga nyuzi alizotoa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Akapiga hivyo mpaka vidole vikatoka damu. Kopo lilikuwa la Marekani, kwa hiyo, kwa maneno yake, chombo kilikuwa cha Marekani. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 alikuwa kijana tayari. Alipovuka ziwa kurudi, mizigo ilikuwa mingi, kopo likabaki. Hapa Baraka hakuna aliyejua anapiga, maana hakuna aliyemwuliza. Sisi tulimtaka atuchekeshe, basi akatuchekesha.

Chama kilikuwa na gitaa moja ghalani, limekosa nyuzi mbili. Tukalitafutia nyuzi. Ndani ya wiki chache kikundi kikabadilika. Mama mmoja wa kwaya akaja na sauti yake. Mzee mmoja akaleta likembe aliyoificha miaka. Kijana mmoja akapiga chupa na kijiko. Wakajifunza ile desturi ya kusimama kwenye maikrofoni moja na kupeana zamu. Sisi hatukuichagua kwa kupenda blugrasi, bwana. Tuko na maikrofoni moja tu.

Niliwaona mara ya kwanza mbele ya watu kule Sebele. Jua lilikuwa linashuka, wavuvi wanatayarisha taa zao za ndakala, watoto wamekaa chini mbele. Mchezo ulikuwa juu ya ardhi, kitu ambacho kila mmoja wetu hapa anakijua. Unarudi baada ya miaka kumi, kumi na tano, unakuta shamba la baba yako limelimwa na mtu mwingine, naye amezaa pale na kuzika pale. Mwenzetu aliigiza yule anayerudi. Alikuwa anaonyesha kila kitu na kusema ni chao: "Huu mwembe, babu yangu aliupanda! Lile jiwe, babu yangu aliliweka! Ile antena ya simu, babu yangu aliipanda, ikaota!" Watu walishika mbavu. Waliocheka zaidi ni waliorudi, sababu walijiona.

Halafu, bila kutangaza, akachukua gitaa. Likembe ikaanza taratibu nyuma yake. Aliimba kwa Kibembe na Kiswahili, wimbo wake mwenyewe, juu ya usiku wa kuvuka ziwa, mwaka ule wa 1996, mtumbwi umejaa, na jirani aliyebaki ufukweni na kuku wake. Jirani huyo ndiye aliyelima lile shamba. Katika wimbo ule hakuna mwizi. Kuna aliyekimbia na kuna aliyebaki, na wote wawili walikuwa na njaa. Mama wa kwaya akasogea kwenye maikrofoni, mwenye gitaa akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nawatazama watu. Wale wale waliokuwa wanashika mbavu, walinyamaza. Tulikuwa tunasikia maji ya ziwa.

Najua mtu ataniuliza: kisha ikawa nini? Sitawadanganya. Hakukuwa na muujiza. Siku ya pili yake watu wa familia mbili waliokuwa hawasalimiani walikuja kwa wapatanishi wetu kuuliza siku ya kupima mpaka. Familia moja imeshakubaliana kugawana. Nyingine bado iko kwa shefu na maneno hayajaisha. Lakini wale wapatanishi, ambao wanatembea vijiji hivi kila mwezi, wanasema kitu kimoja: kijiji kilichoona mchezo, hawaanzi tena kueleza kutoka mwanzo. Watu wanasema "kama ule wimbo", na mazungumzo yanaanza katikati. Kazi yangu inanifundisha kwamba hapo ndipo pagumu kufika, siyo mwisho.

Iko pia hatari, nayo naisema wazi. Kicheko ni kisu. Katika eneo letu, tukiwa Wabembe, Wafuliiru, Wanyamulenge, Wabuyu, Warundi na wengine, njia fupi ya kuchekesha ni kuiga lafudhi ya jirani. Watu watacheka haraka sana, halafu wataondoka wakiwa na sumu. Siku moja ya mazoezi kijana mmoja alianza hivyo, na wenzake wakaanza kucheka. Mwenzetu akamkatiza, akamwambia: "Ukitaka kuiga mtu, anza na mama yako. Akicheka yeye, uende kwa jirani." Kikundi wameifanya kuwa sheria. Hata yule Steve Martin, mjinga aliyekuwa anachekwa jukwaani alikuwa ni yeye mwenyewe. Na mimi naona wimbo ndio unaomsaidia mchekeshaji kushika sheria hiyo. Mtu asiye na kitu kingine cha kutoa ila kicheko, siku watu wasipocheka ataogopa, ataokota lile jiwe la karibu na kulitupa. Aliye na wimbo hana haraka. Anajua akinyamaza ana kitu kingine mkononi.

Kwa hiyo, swali la pili, muziki unafanya nini? Unampa mchekeshaji mahali pa kusimama, na unatupa sisi muda wa kukaa na lile tulilolicheka. Mlango unafunguliwa na kicheko, lakini mtu akishaingia anahitaji kiti.

Sasa pendekezo langu. Liko na sehemu nne.

Kwanza, mabati. Mzee wetu ana haki, na mvua haingoji kura. Napendekeza posho na mafuta ya jenereta ya robo hii ya mwaka yaende kwenye mabati. Wasanii wenyewe nimewauliza, wamekubali. Michezo ya mchana haihitaji jenereta. Na usafiri, kikundi kipande gari la wapatanishi wanapokwenda kijiji kimoja, isiwe safari mbili.

Pili, kipande cha bajeti kisifutwe. Kipungue, lakini kibaki na jina lake. Kitu kikifutwa kwenye karatasi, kukirudisha ni kazi ya miaka, na watu watakuwa wameshatawanyika, wengine Misisi kwenye dhahabu. Likembe itarudi kufichwa.

Tatu, na hii naisema kwetu sisi watu wa mashirika na kwa wafadhili, kwa heshima yote. Tuwape wasanii jambo la kusema, tusiwape maneno ya kusema. Mara nyingi tunawaletea karatasi: semeni sentensi hii juu ya kunawa mikono, na hii juu ya amani, na mwisho mtaje mradi. Wanafanya, sababu wanahitaji posho. Lakini watu wanajua mara moja kwamba ni karatasi inayosema. Ule wimbo wa jirani na kuku haukuandikwa ofisini, na hakuna ofisi ambayo ingeuandika. Wafadhili wetu wapendwa, mkitaka kutuma zawadi, tisheti tuko nazo nyingi. Tutumieni nyuzi za gitaa.

Nne, chombo na wimbo viwe na mwenyewe. Gitaa ni la chama, liandikwe kwenye rejista, na Jumamosi watoto wafundishwe nalo, hata wale ambao wazazi wao hawakukimbia. Wimbo ni wa aliyeutunga. Tukiurekodi kwa simu, jina lake liandikwe, na redio au shirika likitaka kuutumia limwombe yeye, limlipe yeye. Tusimshukuru mtu kwa makofi tu halafu tukampokonya alichokileta.

Ndugu zangu, wengi wetu tulirudi kwa ile meli ya Mwongozo kutoka Kigoma, kuanzia 2005, kila mmoja na mizigo yake. Tuliandikiwa ndoo, blanketi, turubai, mbegu. Kwenye ile karatasi hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba huyu anajua kupiga, huyu anajua kuimba, huyu alikuwa na kopo la USA lenye nyuzi nne. Chama chetu kinaweza kuwa na karatasi nzuri kuliko ile.

Sasa nakaa. Mwenyekiti ataitisha kura, na uamuzi wowote mtakaochukua nitaufuata kwenye kazi. Lakini yule aliyejificha pale nyuma amekuja na gitaa. Labda kabla ya kuinua mikono mumwombe wimbo mmoja. Mfupi tu, najua chakula kiko tayari.